Alessandro Volta, mzee wa batri: jina lake liko kwenye konvertisa ya nyumba yako

Saa kumi na mbili ya jioni ikipita hapa Kalengera, kuna sauti ambayo kila mutu anaijua. Ni konvertisa inayolia pii, pii, pii, kusema kwamba batri imechoka. Mama anazima televisheni, watoto wanakimbilia tochi ya telefoni, na baba anaanza kumulaumu yule aliyemuuzisha batri. Kesho yake utamukuta anatafuta batri nyingine ya kuongeza. Mara nyingi inakuwaka ile ya gari, ya zamani, ya bei kidogo.

Mimi mwenyewe nilifanya vile. Nilikuwa na batri moja mpya ya volti 12. Nikaongeza ya pili iliyotoka kwenye gari, nikaziunganisha, nikatia konvertisa, na nyuma ya konvertisa nikachomeka ondulere ya kompyuta ili kazi yangu isikatike. Siku za kwanza ilikuwa furaha. Nyuma ya miezi mitatu ile batri mpya ilikuwa imevimba tumbo, ondulere inanuka kuungua, na pesa ya minervali ya watoto imeisha kwenda. Hakuna mutu wa kulaumu. Niliunganisha vitu bila kupima.

Fundi aliyekuja kuangalia alitoa mita yake, akaigusisha kwenye batri, akanionyesha namba na herufi moja kando yake: V. Ile herufi naionaka kila siku, kwenye chaja, kwenye radio, kwenye pano ya sola. Sikujua kama ni jina la mutu. Ni Alessandro Volta, Muitaliano aliyekufa mwaka 1827, na ndiye aliyetengeneza batri ya kwanza. Leo tunawasimulia maisha yake. Sisi tunaoishi kwa batri tuna faida ya kumujua.

Mutoto wa Como

Volta alizaliwa tarehe 18 Februari 1745 katika muji wa Como, kaskazini mwa Italia. Ukitaka kuuwaza ule muji, waza Goma kidogo: muji kwenye mwisho wa ziwa, na milima inaangalia kutoka juu. Wakati ule Italia haikuwa inchi moja. Upande wa Como ulikuwa chini ya utawala wa Austria.

Familia yake ilikuwa na jina kubwa lakini pesa kidogo. Wengi kati ya ndugu zake waliingia kanisani, wengine mapadri, wengine masista. Inasimuliwa kwamba Alessandro alichelewa sana kusema, mupaka akikaribia miaka 4, na watu wa nyumbani wakawaza kwamba ni bubu. Kisha akafungua kinywa, na masomo yake yakaenda mbio kuliko ya wenzake. Baba yake alikufa wakati yeye angali mutoto mudogo, akaacha madeni. Baba mudogo ndiye aliyebeba muzigo wa kumulea na kumusomesha.

Alisoma kwa Majezuiti, wale wale wenye Koleji Alfajiri ya Bukavu. Walimu waliona akili yake wakataka awe mumoja wao. Baba mudogo hakukubali, alitaka kijana awe mwanasheria. Volta hakuchukua njia ya kwanza wala ya pili. Akili yake ilikuwa imeshikwa na kitu ambacho watu wa zamani zile walikiona kama muchezo wa kushangaza wageni: cheche zinazotoka ukisugua kioo au utomvu mugumu kwa kitambaa.

Hakupita chuo kikuu kama mwanafunzi. Alikuwa na rafiki padri, Giulio Cesare Gattoni, mwenye vitabu na vyombo, ambaye alimufungulia mulango wa chumba chake cha majaribio. Mule ndani waliweka pia chuma cha kushusha radi. Sisi wa Kivu tunaweza kuelewa haraka kwa nini radi iliwavuta, maana milima yetu ni kati ya sehemu ambazo radi inapiga zaidi duniani. Akiwa na miaka 18 Volta alikuwa tayari anaandikia barua watu wakubwa wa sayansi wa Ulaya, kama padri Nollet wa Paris. Mwaka 1769 alitoa kitabu chake kidogo cha kwanza juu ya umeme, kwa Kilatini.

Mwaka 1774 alipewa kazi kwenye shule ya serikali ya Como, na mwaka uliofuata akawa mwalimu wa fizika pale pale. Mwaka huo wa 1775 alijulisha chombo kilichomupa jina: sahani ya chuma juu ya keki ya utomvu. Ukiisha kusugua ile keki mara moja, unaweza kuinua sahani na kupata cheche, kisha tena, na tena, bila kusugua upya kila mara. Ilikuwa mara ya kwanza Volta kutafuta jibu la swali ambalo litamufuata maisha yake yote: namna gani umeme uwekwe mahali na ungoje mwenyewe autake?

Gazi kutoka kwenye matope

Kabla ya batri, Volta alifanya jambo lingine ambalo watu wa kando ya ziwa Kivu wanapashwa kulijua. Mwezi wa Novemba 1776 alikuwa kwenye ziwa Maggiore, pale Angera. Alitikisa matope ya chini kwa fimbo, akaona mapovu yanapanda, akayafungia ndani ya chupa. Nyuma yake akawasha. Ile hewa iliwaka kwa moto wa rangi ya buluu. Alikuwa amepata gazi tunayoitaka leo metane.

Usiichanganye na mazuku, ile hewa ya kuua inayojificha kwenye mashimo ya Goma. Mazuku haiwaki, inazimisha moto na inazimisha mutu. Metane yenyewe inawaka, na chini ya ziwa Kivu kuko karibu kilometa kyubu 60 yake. Ngambo ya Rwanda, tangu 2016, mashini ya KivuWatt inapandisha ile gazi na kutoa umeme wa megawati 26.

Volta hakuishia kwenye kushangaa. Alitengeneza kabastola ka kioo, akatia gazi na hewa ndani, akapitisha cheche ya umeme, na kizibo kikaruka kwa kishindo. Kisha akawaza mbali. Mwaka 1777 aliandika wazo lake: kuvuta waya wa chuma juu ya nguzo za mbao kutoka Como mupaka Milano, ili cheche ya huku ilipushe kabastola kule, na iwe ishara. Hakuna aliyevuta ule waya. Lakini nguzo na waya wa kupeleka habari, Volta alikuwa ameshaviona kichwani, zaidi ya miaka 50 kabla telegrafu haijaanza kazi.

Kuna kingine kinachosimuliwa kule kwao: kwamba kwenye safari zake za wakati ule alipita Uswisi na akarudi na viazi, akawahimiza wakulima wa kwao wavilime. Sisi tunaokula viazi vya Kibumba tunamupa shukrani nusu.

Vita ya vyura

Mwaka 1778 Volta aliitwa kufundisha kwenye chuo kikuu cha Pavia, akakaa pale karibu miaka 40. Alikuwa mwalimu aliyejaza ukumbi. Mwaka 1794 alioa Teresa Peregrini, na wakapata watoto watatu wanaume.

Pale Pavia ndipo habari ya vyura ilimukuta. Mwaka 1791 daktari mumoja wa Bologna, Luigi Galvani, alitangaza kwamba muguu wa chura aliyekufa unaruka ukiguswa na vyuma viwili vya aina tofauti. Galvani alisema umeme umo ndani ya nyama ya chura mwenyewe. Ulaya yote ilishikwa na ile habari, na vyura wengi walikufa bure.

Volta kwanza aliamini. Lakini alikuwa na tabia moja: hakukubali neno mupaka amelipima. Alirudia majaribio, akabadilisha chuma hiki kwa kile, akaona kwamba vyuma vikiwa vya aina moja chura hachezi sana, na vikiwa tofauti anaruka. Akajaribu kwenye ulimi wake mwenyewe: chuma cha aina moja juu, cha aina nyingine chini, vikigusana anasikia ladha ya ukali. Basi akasema umeme unatoka kwenye vyuma, na chura ni kama mita tu, anatuonyesha kwamba umeme unapita.

Wawili wale walibishana miaka mingi, lakini kwa heshima. Leo tunajua kila mumoja alishika kipande cha ukweli. Mwili wa kiumbe una umeme wake, kama Galvani alivyosema. Waliofika kwenye muto Kongo wanamujua yule samaki anayeitwa nina kwa Lingala, anayepiga mukono wa muvuvi kama kuranti. Na vyuma viwili tofauti ndani ya maji yenye chumvi vinatoa umeme, kama Volta alivyosema. Galvani hakuuona mwisho wa ule ubishi. Alikataa kuapa mbele ya utawala mupya ulioletwa na jeshi la Bonaparte, akanyanganywa kazi, na akafa Desemba 1798.

Batri inazaliwa ndani ya vita

Hapa ndipo simulizi la Volta linafanana na letu. Tangu 1796 jeshi la Ufaransa, likiongozwa na Bonaparte, lilikuwa limeingia kaskazini mwa Italia na kuwafukuza Waaustria. Mwaka 1799 Waaustria walirudi na kuwafukuza Wafaransa. Kila mara utawala ulipobadilika, watu walikimbia, wengine walifungwa, na kazi zilipotea. Chuo kikuu cha Pavia kilifungwa. Volta, mwenye miaka 54, mutu wa jina, alirudi nyumbani Como bila wanafunzi.

Watu wa Rutshuru wanajua kukaa bila kazi wakati bunduki zinaamua. Wengi wetu tumefunga mizigo zaidi ya mara moja tangu 2022. Volta alikuwa na nyumba na chakula, na hilo si wote wanalolipata. Lakini alikuwa pia na vyombo vyake vya kupimia, na mwisho wa ule mwaka wa 1799 alifanya kitu rahisi sana kukisimulia.

Alichukua kisahani cha fedha, akaweka juu yake kisahani cha zinki, na juu ya zinki akaweka kipande cha karatasi ngumu kilicholowa maji ya chumvi. Kisha tena fedha, zinki, karatasi. Na tena, na tena, mara 20, 30, 40, mupaka ikawa munara mudogo. Jozi moja peke yake inatoa nguvu ndogo sana, hata mukono hausikii. Lakini zikipangwa vile, kila moja inaongeza kidogo juu ya ile ya chini yake. Akishika juu kwa mukono mumoja na chini kwa mukono wa pili, alipigwa. Akirudia, alipigwa tena. Cheche ya zamani ilikuwa inatoka mara moja na kuisha. Huu umeme ulikuwa unaendelea kutiririka kama maji ya muto.

Siri yote ilikuwa kwenye mupango. Ukigeuza visahani vichache chini juu, vinafanya kazi kinyume na vingine, na nguvu inapungua. Alitengeneza pia namna ya pili: vikombe vimepangwa kwa muzunguko, kila kimoja na maji ya chumvi, na vyuma viwili vinaunganisha kikombe kwa kikombe. Fungua batri ya gari ya zamani uone: vyumba 6, kila kimoja na maji yake, vimeunganishwa kimoja kwa kingine. Kila chumba kinatoa karibu volti 2, na mara 6 unapata 12. Ni vikombe vya Volta vilevile, ndani ya sanduku moja.

Tarehe 20 Machi 1800 alimuandikia barua Joseph Banks, mukubwa wa wanasayansi wa London. Hata ile barua ilisumbuliwa na vita, maana Ufaransa na Uingereza zilikuwa zinapigana, na barua iligawanywa ikafika vipande vipande. Banks aliwaonyesha rafiki zake kipande cha kwanza kabla barua yote haijasomwa mbele ya watu. Matokeo yake, mwezi wa Mei Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, walikuwa tayari wamejijengea munara wao na kutumia umeme wake kuyagawanya maji kuwa gazi mbili. Volta hakulalamika. Hakuomba haki ya kuzuia wengine wasitengeneze. Karibu kila mwenye zinki, chuma cha pili na chumvi angeweza kujaribu, na wengi walijaribu.

Mbele ya Bonaparte

Mwezi wa Juni 1800 Bonaparte alishinda vita ya Marengo, Wafaransa wakarudi, na chuo cha Pavia kikafunguliwa. Mwaka 1801 Volta aliitwa Paris kuonyesha batri yake mbele ya wanasayansi wakubwa. Bonaparte mwenyewe alikaa pale akaangalia, akaamuru apewe medali ya zahabu na pesa. Baadaye alimufanya seneta, na mwaka 1810 akamupa cheo cha konti.

Wengine walimuhukumu Volta kwa kuinama mbele ya kila mukubwa. Alifanya kazi chini ya Waaustria, akapokea zahabu ya Bonaparte, na Bonaparte alipoanguka, Waaustria waliporudi walimuheshimu tena. Galvani alikataa na akapoteza yote. Volta alikubali na akapona. Kila mukaaji wa sehemu yenye vita anaweza kuwa na maoni yake juu ya hilo. Kitu kimoja ni hakika: katika miaka yake ya mwisho alifanya utafiti kidogo tu. Zahabu ilikuja wakati kazi kubwa ilikuwa imeisha.

Maisha yalimupiga pia. Mwaka 1814 mutoto wake Flaminio alikufa. Mwaka huohuo, pale Milano, Volta alitembelewa na Muingereza Humphry Davy, aliyetumia batri kubwa kupata vyuma vipya ambavyo hakuna aliyekuwa amevijua. Davy alikuwa na kijana musaidizi wa miaka 22, wa kubeba mizigo na kuandika. Kijana yule aliitwa Michael Faraday. Mwaka 1831 ni Faraday aliyegundua kwamba ukisogeza sumaku karibu na waya, umeme unapita. Ndiyo kanuni ya kila mashini ya maji, pamoja na ile ya Matebe kwenye muto Rutshuru, iliyoanza mwaka 2015 na nguvu ya megawati 13,8.

Angalia mupangilio wa miaka. Batri: 1800. Kanuni ya Faraday: 1831. Kituo cha Edison cha kugawa umeme muji wa New York: 1882. Sisi tunawazaka kwamba kuranti ya nguzo ndiyo ya kweli, na mwenye batri nyumbani ni mutu aliyebaki nyuma, anangoja maendeleo yamufikie. Kumbe batri ndiyo mukubwa, nguzo ni mudogo wake. Na wakati lava ya Nyiragongo ilishuka tarehe 22 Mei 2021, ikakata barabara ya kwenda Goma na kuharibu nyaya, wenye batri waliendelea kuchaji telefoni na kutafuta ndugu zao.

Kifo, jina, na moto wa Como

Volta aliacha kufundisha mwaka 1819, akajificha kwa utulivu na familia yake pale Camnago, karibu na Como. Alikufa tarehe 5 Machi 1827, na miaka 82. Kijiji walichomuzika leo kinaitwa Camnago Volta.

Batri yake ilikuwa na ugonjwa mukubwa: ikiisha, imeisha. Haikuchajika. Mufaransa Gaston Planté ndiye aliyetengeneza, mwaka 1859, batri ya risasi na asidi ambayo inaweza kujazwa tena, na ndiyo babu wa batri nyingi tunazobeba kwenye pikipiki kutoka Goma. Mwaka 1881 wanasayansi walikutana Paris wakakubaliana kipimo cha nguvu inayosukuma umeme kiitwe volti.

Mwaka 1899 watu wa Como walitaka kumukumbuka kwa kutimiza miaka 100 ya batri. Walijenga maonyesho makubwa, wakaleta vyombo vyake vya kweli, vile alivyovishika kwa mikono yake. Tarehe 8 Julai moto uliwaka. Ulitokana na nyaya za umeme zilizogusana. Maonyesho yaliungua, na vyombo vyake vingi viliungua pamoja. Umeme alioutuliza Volta ndani ya vikombe ulikula urithi wake, kwa sababu ya waya mubaya.

Yanayotuhusu sisi

Tukirudi kwenye nyumba zetu, fundi wangu alinifundisha mambo machache, na yote yanatoka kwenye ule munara wa Como.

La kwanza ni mupango. Ukiunganisha batri mbili za volti 12 kwa kufuatana, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine (plisi na mwe kama tunavyosemaka), unapata volti 24. Ukiziunganisha sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, unabaki na volti 12 lakini akiba inakuwa mara mbili. Konvertisa ya 12 ukiipa 24, inaungua. Soma maandiko nyuma yake kabla ya kugusa kitu.

La pili, usiunganishe batri ya zamani na mpya. Ile mbovu inainyonya nzuri, na zote mbili zinakufa. Ndiyo iliyonipata. Kama unataka mbili, ununue mbili za aina moja, ukubwa mumoja, siku moja.

La tatu ni ondulere. Ile imetengenezwa kwa kushika kompyuta dakika chache tu, ili uhifadhi kazi na kuzima. Watu wanaitoa batri yake ndogo na kuunga batri ya gari ili ifanye saa nyingi. Lakini feni yake na vyuma vyake havikuandaliwa kwa joto la saa nyingi, na chaja yake ni ndogo sana kwa batri kubwa. Zingine zina batri mbili ndani, yaani volti 24, kwa hiyo batri moja ya gari haifai. Na kwa aina zingine, nyaya za batri hazijatengwa na kuranti ya ukuta: ukizigusa wakati imechomekwa, zinaweza kukuua. Kuichomeka nyuma ya konvertisa ya bei kidogo, kama nilivyofanya mimi, pia si vizuri. Konvertisa zile zinatoa kuranti isiyo laini, ondulere inaikataa, inafikiri kuranti imekatika, inakula batri yake mwenyewe. Na kila mara umeme unapogeuzwa, kuna unaopotea kwa joto. Kama una konvertisa nzuri na batri nzima, kompyuta inaweza kuchomekwa pale moja kwa moja, na ondulere ipumzike.

La ine ni hesabu. Batri ya volti 12 na ampeasaa 100 ina akiba ya watisaa 1200. Ili ikae miaka, usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Televisheni ya wati 60 na taa mbili za wati 10 ni 80 kwa saa. Ukitoa kile kinachopotea kwenye konvertisa, unapata kama saa 6 na kidogo. Ukiongeza pasi ya umeme, hesabu imekufa. Hakuna konvertisa inayotengeneza umeme. Inageuza tu kile ambacho pano ya sola iliweka mchana.

La tano ni waya. Kwenye volti 12, mashini ya wati 300 inavuta zaidi ya ampea 25. Waya mwembamba unapata moto. Tumia waya munene na mufupi kati ya batri na konvertisa, na uweke fyuzi karibu na kichwa cha batri. Batri ya asidi ikichajika inatoa gazi inayowaka, kwa hiyo isilale chumba kimoja na watoto wala karibu na mbabula wa makala. Gazi na cheche mahali pamoja, Volta alituonyesha tangu na kabastola kake.

Siku hizi nimenunua mita ndogo. Kila asubuhi, mbele ya kuwasha kitu, napima. Ikisema 12,7 najua imejaa. Ikisema 12,2 najua imefika nusu, na najua jioni hii watoto watasoma kwanza, televisheni itangoja. Batri iliyobaki ni moja tu, lakini mwaka huu haijalia hata mara moja mbele ya saa tatu ya usiku.